Rodah na Chupa Iliyozikwa Nyuma ya Zizi

Binti yangu Rodah alizaliwa hapa Boito mwaka wa 1968, wiki ambayo mvua ya mawe ilipukutisha chai ya mlima mzima. Ni kifungua mimba wangu. Alisoma mpaka darasa la saba, akanipita mimi niliyeachia la nne, kisha akarudi shambani kuchuma majani pamoja na baba yake, Kipkurui.

Kama ungeuliza watu wa kwetu Rodah ni nani, wangekuambia habari ya sauti yake. Kwenye kituo cha kuuzia majani, karani wa kiwanda alikuwa mtu wa kunong'ona, na wakulima wa mwisho kwenye foleni hawakuwa wanasikia wakiitwa. Basi wakamchagua Rodah awe anaita majina. Alikuwa anapanda juu ya jiwe lililo kando ya mzani na kuita, na mtu aliyekuwa bado ng'ambo ya mto anaanza kukimbia na kikapu mgongoni.

"Kipchirchir! Majani yako yamelala kwenye jua. Na wewe umelala wapi?"

Watu wanacheka, Kipchirchir anatokea akijifunga mshipi. Mimi nikiwa jikoni kwangu, karibu kilomita moja kutoka pale, nilijua foleni imefika wapi.

Ugonjwa wake ulianza bila jina. Mwaka wa 1992 niliona anakunywa maji kuliko ng'ombe wa maziwa. Nilianza kuhesabu vikombe, lakini sikusema. Halafu akawa mchovu asubuhi kabla hajafanya kazi yoyote. Tumbo likafunga. Akasema mifupa ya mapaja inamuuma, nikasema ni baridi ya kuchuma majani yenye umande. Nikamwongezea maziwa, na mursik, yale maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu, kila siku chupa nzima, kwa sababu kila mtu anajua mifupa hutaka maziwa. Mara mbili akapata mawe kwenye figo, akajikunja sakafuni kama mtoto. Kisha siku moja aliinua kikapu cha majani, kikapu cha kawaida tu, na mkono ukavunjika.

Mkono wa mtu wa miaka ishirini na mitano hauvunjwi na majani ya chai. Tulimpeleka hospitali ya misheni.

Daktari wa pale, mzungu mzee, alipima damu yake mara tatu. Akatueleza kwamba kila mtu ana tezi nne ndogo shingoni, nyuma ya ile tezi kubwa ya koo, mbili kulia na mbili kushoto, kila moja kama punje ya mchele. Kazi yake ni kupima chokaa ya mwilini, ile inayoitwa kalisiamu. Ya Rodah moja, au zaidi ya moja, ilikuwa inafanya kazi bila kupumzika. Ilikuwa inatoa chokaa kwenye mifupa na kuimwaga kwenye damu, na damu inaitupa kwenye figo, ndipo yanapotoka mawe. Akasema pia nipunguze maziwa. Nilitazama chini.

Walimpasua Julai mwaka wa 1994. Daktari alitoka akasema ameona tezi zote nne. Mbili, ya juu kulia na ya chini kushoto, hakuzipenda, akazitoa. Mbili zilikuwa ndogo, akaziacha. Kisha sista akanipa chupa ndogo ya glasi, kifuniko kimezungushiwa plasta, ndani kuna dawa kali na vipande viwili. Kimoja kilikuwa kimefungwa uzi mweusi.

"Cha uzi ni cha kulia," alisema. "Hapa hatuna mashine ya kuvisoma, Mama Rodah. Peleka hii Nairobi. Anwani ya maabara iko kwenye bahasha. Wataandika kama kweli ni tezi, na kama ni tezi mbaya. Usichelewe."

Nilifika Kericho mjini. Basi la Nairobi lilikuwa linajaza watu. Nilikaa kwenye benchi, chupa ndani ya mkoba, mkoba juu ya magoti.

Katika boma letu, kitu kilichotoka kwenye mwili wa mtu hakiachwi mikononi mwa watu usiowajua. Kitovu cha mtoto, jino la kwanza, nywele za kunyolewa, vyote hurudi kwenye udongo wa nyumbani. Mama ya bwanangu, ambaye sote tunamwita Kogo, yaani nyanya, alikatwa kidole hospitalini mwaka wa 1971. Alikataa kuondoka wodini mpaka akapewa kidole chake, akakibeba kwenye leso na kukizika mwenyewe. Sasa mimi nilikuwa napeleka shingo ya mtoto wangu kwa watu ambao sijui hata majina yao, waikatekate, na mabaki wayatupe pipani.

Hiyo ilikuwa sababu moja. Sababu ya pili sikumwambia mtu. Niliogopa wataandika kansa. Niliona kama chupa haitasomwa, neno lile halitakuja.

Basi lilijaa likaondoka. Nikarudi nyumbani. Nilifunga chupa kwa karatasi ya plastiki, nikaiweka ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo, nikaizika nyuma ya zizi la ndama. Nilipima hatua saba kutoka nguzo ya mlango kwenda upande wa mti wa saipresi, ili nikumbuke. Kogo alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akinitazama. Hakuniuliza kitu, na sikumwambia. Kwa Kipkurui nilisema maabara wametuambia tungoje. Kwa hospitali nilisema hivyo hivyo. Baada ya miezi kadhaa wao wenyewe waliandika kwenye faili kwamba majibu yalipotea Nairobi.

Rodah alirudi na sauti mbovu, kama mlango wa bati unaovutwa polepole. Daktari aliangalia koo kwa kioo kidogo, akasema mshipa wa sauti wa upande wa kushoto ulichoka wakati wa upasuaji, lakini wa kulia ni mzima. Kwenye kituo walimweka kijana mwingine aite majina. Rodah alikuwa anasimama kwenye foleni kama wengine, na jina lake likiitwa anainua mkono tu.

Tungesema ni bei ya kupona. Lakini hakupona. Mwaka wa 1996 mawe yalirudi, damu ikapimwa, na chokaa ilikuwa juu kama zamani. Hospitali ya misheni ikatuandikia barua kwenda kwa daktari mpasuaji wa Nairobi, Daktari Nyamweya.

Huyo alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kuuliza kitu kimoja mara mbili. Alisoma barua yote tukiwa tumekaa mbele yake, mimi na Rodah.

"Utanipasua lini?" Rodah aliuliza kwa ile sauti yake ya kukwaruza.

"Bado," alisema. "Shingo iliyopasuliwa mara moja si kama shingo mpya. Kila kitu kimeshikana. Nikiingia natafuta-tafuta, nitapita karibu na ule mshipa wa kulia. Nikiuumiza huo pia, hutakuwa na sauti kabisa, na hata kupumua kutakuwa shida."

"Na usiponipasua?"

"Figo zitakufa polepole. Mifupa pia." Aliweka barua chini. "Kwa hivyo sikati kabla sijajua hiyo tezi inakaa wapi."

Kwanza walimpaka mafuta shingoni na kumpitishia ile mashine ya mawimbi wanayotumia kuangalia wajawazito. Haikuona kitu. Siku ya pili walimdunga mkononi dawa yenye miale kidogo, wakampiga picha mapema, wakamwambia angoje kama muda wa saa tatu, wakampiga tena. Mtu wa mashine alinieleza nilipomsumbua vya kutosha. Dawa huingia kwenye tezi kubwa ya koo na kwenye tezi mbaya pia, lakini ile kubwa huiachilia mapema na mbaya huing'ang'ania. Picha ya pili ndiyo husema.

Nilikaa kwenye benchi nikitazama mlango. Nilihesabu watu kumi na wanne wakiingia na kutoka.

Daktari Nyamweya alituonyesha picha ya pili kwenye taa. Kulikuwa na alama hafifu kama ukungu, chini kabisa, karibu kifuani, nyuma ya mfupa.

"Inaweza kuwa hii," alisema. "Tezi ya chini hupotea njia wakati mtoto anaumbwa tumboni, ikateremka mpaka kifuani. Lakini daktari wa picha anasema inaweza kuwa ni damu tu ya mishipa mikubwa. Hana uhakika. Na barua ya misheni inanipinga." Alichukua karatasi, akachora madoa manne, mawili kila upande. "Daktari wa kwanza anasema ya chini kushoto alishaitoa. Kama ni kweli, hakuna tezi ya kushoto ya kupotea kifuani. Basi mbaya ni mojawapo ya zile alizoziacha, na moja iko hapa." Aliweka kalamu kwenye doa la chini upande wa kulia. "Karibu kabisa na mshipa mzima."

"Na kama si kweli?" nikauliza.

"Kama kipande cha kushoto kilikuwa mafuta tu, basi yeye hakuiona hiyo tezi kabisa, na ile alama ya kifuani ndiyo. Sitagusa upande wa kulia hata kidogo." Akanitazama. "Mama, hivyo vipande ndivyo vingeniambia. Majibu yake yalipotelea maabara gani? Nitapiga simu mwenyewe."

Rodah alinigeukia. Ni mimi niliyepewa chupa, na kila mtu chumbani alijua hivyo.

"Usipige simu," nilisema. "Haikufika maabara. Niliizika nyumbani."

Rodah ndiye aliyesema kwanza, na alisema polepole.

"Mama. Ulinizika nusu?"

"Nilikuwa nakutunza."

"Miaka miwili nakunywa dawa za figo, na wewe unajua jibu liko nyuma ya zizi?"

"Sikujua kama ni jibu."

"Ulijua."

Ilikuwa kweli. Daktari Nyamweya alikuwa amefunga kalamu yake. Nilingoja anifukuze.

"Chupa ya aina gani?" aliuliza.

"Ya glasi."

"Ilikuwa na dawa ndani? Inanuka kali?"

"Ndiyo. Na kifuniko kilikuwa na plasta. Nikaiweka kwenye mkebe."

"Chupa ya glasi, ilikuwa na dawa, imefungwa." Alirudia kama kawaida yake. "Hiyo dawa ni ya kuzuia nyama isioze. Kama haijavuja, inaweza kusomeka hata leo. Nenda ulete, Mama. Usiifungue kuangalia."

Rodah alibaki wodini. Sikumuaga vizuri, naye aligeukia ukuta.

Nyumbani, Kipkurui alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika chombo cha maziwa. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kwa hivyo mimi nimeishi na daktari miaka hii yote bila kujua." Kisha tukaenda nyuma, na hapo nikaona taabu ambayo sikuwa nimeifikiria.

Zizi la ndama halikuwapo. Mwaka uliotangulia Kipkurui alikuwa amelihamisha upande wa barabara, na mahali pake pote alikuwa amepanda chai. Ilikuwa imefika magotini, mistari imenyooka, imeanza kushikana. Nguzo ya mlango ilikuwa imeng'olewa. Nilisimama na jembe, na kila mahali palifanana.

"Hapa," nilisema, nikainua jembe.

"Hapa wapi?" Kipkurui akalishika. "Hiyo chai ina mwaka mmoja. Utang'oa mche gani? Huu? Ule? Ukichimba ovyo utapiga mkebe na jembe, chupa ipasuke, na ukose yote mawili. Kwanza jua iko wapi."

Kogo alikuwa ametoka na fimbo yake. Alikuwa na miaka karibu themanini, macho yameanza ukungu, lakini masikio mazima.

"Nguzo ilikuwa pale," alisema, akionyesha kwa fimbo. "Mimi nilikuwa nakaa na kigoda changu hapa, kwenye jiwe la kunolea, na mlango wa zizi ulikuwa unanipiga harufu usoni. Angalieni chini ya majani."

Jiwe lilikuwapo bado, nusu limezama. Kipkurui akapiga magoti mbele yake, akapekua kwa panga, akapata shimo la nguzo lililojazwa udongo mwekundu, laini kuliko udongo wa kandokando.

"Ulisema hatua saba?"

"Saba, kwenda kwa saipresi."

Akatembea hatua saba, akasimama katikati ya miche miwili. "Leta jembe."

"Wewe," Kogo alisema. "Ni miguu ya nani ilizika?"

"Ya huyu."

"Sasa mbona inapima ya kwako? Toka hapo. Una miguu kama ya korongo."

Nikatembea mimi. Hatua yangu ya saba iliishia mche mzima nyuma yake. Kipkurui alitazama ule mche kwa muda, halafu akauchimbua mwenyewe pamoja na udongo wake, akauweka pembeni kama mtu anayebeba kifaranga. Kisha akachimba kwa panga na mikono, si kwa jembe. Mkebe ulikuwa kwenye kina cha kiwiko. Ulikuwa umeshika kutu mpaka rangi zimetoka, lakini plastiki ndani ilikuwa kavu, na chupa ilikuwa na dawa yake mpaka shingoni. Vipande viwili vilikuwa vimetulia chini. Uzi mweusi ulionekana.

Kogo alitaka kuishika. Nikampa.

"Kidole changu hakikuwa kinatafutwa na mtu," alisema, akanirudishia. "Hiki kinatafutwa. Peleka."

Safari hii nilikuwa wa kwanza kupanda basi. Maabara waliniuliza mara tatu tarehe ya chupa, wakaitana kuja kuiona. Nilikataa kuondoka dirishani mpaka wakanipigia muhuri kwenye karatasi kwamba wamepokea chupa kutoka kwangu, Jerusa.

Majibu yalichukua siku sita. Siku hizo nilikaa na Rodah wodini. Alikuwa ananijibu kama sista wa zamu anavyojibiwa: ndiyo, hapana, asante. Nilimchana nywele. Hakukataa.

Siku ya sita Daktari Nyamweya alikuja na karatasi, akaketi kitandani, jambo ambalo sijaona daktari mwingine akifanya.

"Kipande cha uzi ni tezi," alisema. "Tezi nzuri kabisa, ndogo, haikuwa na kosa. Kile kingine si tezi. Ni mafuta na uvimbe mdogo wa kawaida wa shingo. Hakuna kansa popote."

Neno lile alilitaja hivyo hivyo, kama anataja siku ya wiki. Nilikuwa nimelikimbia miaka miwili.

"Kwa hivyo ya chini kushoto," Rodah alisema.

"Haijawahi kuguswa. Iko kifuani, pale palipo na ukungu. Nitaingia chini, kushoto. Upande wa kulia tutauacha ulale."

Alipasuliwa Alhamisi. Nilitarajia siku nzima, lakini ilikuwa chini ya saa mbili. Daktari alitoka na bakuli dogo la chuma, akanionyesha kitu cha rangi ya kahawia, kikubwa kama haragwe lililolowekwa. Alisema kilikuwa nyuma ya mfupa wa kifua, palepale, kikatoka kwa kuvutwa taratibu.

Kesho yake asubuhi Rodah alisema midomo inamwasha na vidole ni kama vinatambaliwa na sisimizi. Nilikimbia kuita sista. Sista alicheka, akasema chokaa imeshuka na sasa mifupa inadai yake, wampe vidonge. Akaandika pia kwenye karatasi kwamba mgonjwa aruhusiwe maziwa. Niliisoma hiyo mara mbili.

Baadaye akaja na chupa ya glasi, kifuniko kina plasta, ndani lile haragwe. Alikuwa na fomu mkononi, na mhudumu wa kupeleka alikuwa hayupo.

"Maabara iko ghorofa ya chini, mlango wa mwisho," alisema. "Nani wa mgonjwa atapeleka?"

Wodi ilikuwa na wagonjwa ishirini na zaidi, na wageni wao. Nilinyoosha mkono. Hapo Rodah akainuka kidogo kwenye mto, bandeji shingoni, akavuta pumzi. Sauti ilitoka na mikwaruzo yake ileile ya miaka miwili, haikuongezeka wala kupungua, lakini ilifika mpaka dirisha la mwisho, na watu wakageuka.

"Jerusa wa Kipkurui! Peleka majani! Na usipitie nyumbani!"

Nilishuka ngazi nikiishika chupa kwa mikono miwili. Dirishani waliipokea, wakaandika jina lake na tarehe. Nikangoja muhuri.